Jina la Kambo Mwape na mistari kumi na miwili

Niliondoa mfu mmoja kwenye karatasi ya misa, nikaweka mtu aliye hai mahali pake. Nianze na hilo, ili asiyetaka kusoma zaidi aende zake akacheze mpira. Mfu alikuwa Kambo Mwape, yaani Babu Mwape, babu wa watu, aliyekufa kabla sijazaliwa. Aliye hai alikuwa Prof Kabulo, mwalimu wetu wa hesabu, Mprotestanti, mwenye afya nzuri na viatu vinavyosikika tangu mwisho wa korido. Ijumaa alinipa mbili juu ya ishirini. Jumapili asubuhi padri akamwombea pumziko la milele.

Ninaandika haya kwa Gloire, anayechukua kiti changu, na kwa wote watakaokikalia baada yake, kama bado kitakuwa na miguu minne. Nimestaafu nikiwa na miaka kumi na sita. Nimetumika miaka miwili, Jumamosi, Jumatatu jioni na likizo, katika ofisi ya parokia yetu hapa mtaani Kamalondo, kazi yangu ikiwa kupokea majina ya wafu. Vyeo sitavitaja, maana kilikuwa kimoja tu na ni mimi niliyejipa. Mshahara nao sitautaja. Haukuwahi kuzaliwa, siwezi hata kuuombea misa.

Aliyenipeleka kazini ni mama yangu, kiongozi wa akina mama wa parokia. Alinisukuma mlangoni kwa Mwalimu Benoît, katekista, mzee mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi mweusi.

"Mwalimu," mama akasema, "huyu mutoto anaongea kupita radio. Umupatie kazi ya bantu benye habawezi kumujibu."

Mwalimu hakucheka. Alinipa kalamu ya biki na kipande cha karatasi, akaniambia niandike jina langu. Nikaandika Trésor kwa mkia mrefu chini, kama ninavyosaini kwenye madawati. Akaangalia, akanirudishia. "Tena." Nikaandika tena. Siku yangu ya kwanza ya kazi niliimaliza nikiandika jina langu mwenyewe, mpaka nikaanza kulichoka.

"Hapa mompe anasoma chenye anaona," aliniambia tulipokuwa tunafunga. Mompe ndiye padri. "Ukiandika vibaya, muntu anakufa mara ya pili."

Vifaa ni vichache, Gloire. Kuna kompyuta tuliyopewa na mama mmoja wa Golf, mtaa wa matajiri; kazi yake ni kubeba kitambaa cha kufuma na ua la plastiki, kwa kuwa umeme na sisi tunajuana kwa mbali. Kuna rula. Kuna daftari kubwa lenye mgongo wa kitambaa. Na kuna msumari, umepigwa kutoka chini ya kibao ili ncha itazame juu. Huo ndio bosi wako. Mtu anaingia, anataja majina, unayaandika kwenye kijikaratasi, unakichoma msumarini. Jumamosi jioni unahamisha majina kutoka vijikaratasi hadi karatasi ya padri, yenye mistari kumi na miwili. Jina moja, mstari mmoja. Mstari wa kumi na tatu padri haukubali, hata ukileta jina la mama yake. Jumatatu, karatasi hiyo inanakiliwa kwenye daftari. Kijikaratasi hakitoki msumarini mpaka mwaka uishe. Shika hilo la mwisho. Mimi sikulishika.

Kesi ngumu zipo. Mama mmoja alitaka misa kwa ajili ya mume wake. Nikamuuliza amekufa lini, akanijibu kwamba yuko Kipushi na mwanamke mwingine, anakula vizuri. "Lakini kwangu mi alishakufa." Nilikuwa tayari kuandika. Mwalimu Benoît akanishika mkono, akamwambia yule mama kwa upole kwamba tutaandika "kwa nia ya pekee", na Mungu atajua ni nani. Baba mwingine alileta jina la timu yake ya mpira. Kwa huyo hata Mwalimu alijifanya anatafuta miwani, nayo iko puani.

Kilichonifundisha zaidi kilikuwa kabati. Zamani, wazee waliojenga malupango yao hapa, yaani viwanja na nyumba na ukuta wake, walikuwa wanakuja kwa katekista ili awaandikie maneno ya mwisho. Nakala bado zipo, zina harufu ya panya na vidole gumba vya mashahidi. Likizo moja Mwalimu alinipa nizipange, nikadhani ni adhabu. Kumbe nilisoma siku tatu bila kufanya mzaha, jambo ambalo mama hakuliamini. Karibu kila karatasi inaanza na mabati, milango, mti wa maparachichi, na inaisha na misa. Wazee wale walikuwa wajanja. Walijua watoto husahau kuomba, lakini nyumba hawaisahau. Basi sala wakaifunga kwenye mlango wa nyumba.

Ya Kambo Mwape ilisema hivi: "Lupango yangu hapana kuuzisha. Anastasia atakaa ndani mpaka kufa kwake. Kila mwaka, mwezi wenye nitakufia, atasomesha misa, na jina yangu isomwe mbele ya bantu, na ya muke wangu, na ya batoto yangu benye kufa. Mwaka ataacha, lupango iuzwe, batoto na bajukuu bagawe."

Anastasia huyo sisi tunamwita Mama Anasta. Ni bibi sasa, anakaanga mikate ya asubuhi mbele ya geti lake, na nusu ya darasa letu inaenda shule na mafuta yake vidoleni. Kila mwaka, mwezi wa baba yake, alikuwa anaingia ofisini na kitenge chake kizuri, anakaa, anapumua, halafu anataja majina matano bila kusoma popote. "Andika, baba yangu. Baba mbele."

Mwaka huo niliandika, nikachoma msumarini. Jumamosi jioni, Mwalimu akiwa nje anaongea na wanakwaya, nikahamisha majina. Mistari kumi na miwili, majina kumi na mawili, sawasawa. Na mimi nina Prof Kabulo moyoni. Nilifikiri: wenzangu wote watakuwa kanisani. Nilihitaji mstari mmoja tu. Nikapitia orodha nikitafuta nani hatadhurika. Nikasema, Kambo Mwape amekufa zamani, ana uzoefu. Anasomwa kila mwaka, mbinguni wanamjua. Nitamrudisha Jumapili ijayo. Mfu hana haraka.

Padri akasoma, "Kabulo Pascal," kwa sauti ya huzuni iliyostahili tuzo. Benchi letu lilitikisika. Bahati, mwenzangu wa darasa, akauma kitabu cha nyimbo.

Jumatatu viatu vikasikika kwenye korido. Mlango ukafunguka.

"Bonjour," akasema Prof. "Marehemu amefika. Tosheni karatasi, interro."

Jaribio hilo nilipata moja. Jioni hiyo nikaenda kunakili kwenye daftari, na kwa mara ya kwanza nikaogopa kidogo. Jina la Prof sikuliandika, mstari wake nikauacha mweupe. Kijikaratasi cha Mama Anasta, chenye Baba mbele, nikakichomoa msumarini nikakitafuna. Msidhani ni rahisi. Wino wa biki una ladha ya betri.

Jumamosi iliyofuata Mama Anasta akaingia. Hakuvaa kitenge kizuri. Alikuwa na kile cha kukaangia mikate, na unga mkononi, kama mtu aliyeacha kazi katikati.

"Baba yangu Trésor," akaniambia, "mi nilisema jina ya baba, ao nilisahau?"

Ndipo akanieleza. Mjukuu mkubwa wa Kambo, Deo, anayeuza vipuri vya magari, kila mwaka anakuja kwenye misa ile na kukaa nyuma. Jumapili ile hakusikia jina la Kambo. Alhamisi familia ikakaa. Mama Anasta aliapa kwamba alilitaja. Wakamwambia kwa heshima, bila hata kugomba, kwamba uzee ni uzee, kichwa kimeanza kuchoka. Karatasi ni karatasi: mwaka ameacha. Lupango iuzwe, yeye aende Kipushi akalelewe na mtoto wa kaka yake. Mtu wa kununua alikuwa amekwisha kuja kugonga kuta.

"Fungua daftari," akasema. "Mi sijui kusoma sana, lakini jina ya baba ninaijua vile inakaa."

Nikafungua. Mikono yangu ilikuwa inafanya kazi bila mimi. Kidole chake kikatembea juu ya majina manne, kikarudi juu, kikatembea tena. Halafu kikasimama.

"Basi ni kweli," akasema. "Bantu ya nyumba banasema kweli. Nimesahau baba." Akacheka kidogo, kicheko kibaya. "Kesho nitasahau moto kwa mafuta, nitachoma kartie yote, mtaa muzima. Heri niende Kipushi."

Gloire, mimi nimecheza na watu wengi, na walio wengi walinirudishia kofi tukamaliza. Huyu alikuwa anakubali. Alikuwa anajitoa kichwani mwake mwenyewe kwa sababu ya kitu nilichotafuna.

"Mama Anasta, hukusahau," nikasema. "Ni mimi."

Mwalimu Benoît alikuwa nyuma ya kabati. Alitoka, akasikiliza yote, mbili juu ya ishirini, mstari, kutafuna. Akavua miwani. Nilitaka anipige, angenipiga ningejua bei ya kitu. Akasema tu: "Utasema kule kwenye balimuhukumu. Hapa balikuwa hawako."

Tukaenda mchana ule ule, watatu, Mama Anasta mbele, Mwalimu na daftari kwapani. Familia ilikuwa imekaa uani kwenye viti vya plastiki, na akina mama wa parokia wamekuja kumsaidia kufunga mizigo. Mmoja wao alikuwa mama yangu, ameshika kamba. Aliponiona na Mwalimu, kamba ikalegea.

Nikasema. Niliposema "nikaweka Prof Kabulo", mtu mmoja nyuma akacheka, wengine wakamfuata, na nikajua nimekwisha. Miaka yote hii nimefanya kazi ya kuchekesha mtaa huu. Hakuna aliyenizoea nikisema kweli.

"Mama mukubwa," Deo akamwambia Mama Anasta, "umemupatia huyu mutoto mikate ngapi?" Ni mtu mnene, mpole, anaongea kama anayepima skrubu. "Leta kijikaratasi basi. Si inabakia ku musumari?"

"Nilikula."

Uani wakaanguka kwa kicheko. Hata mnunuzi, ambaye hakuwa na haki. Mama yangu peke yake hakucheka. Alinitazama usoni kwa muda, halafu akasema, si kwa sauti kubwa:

"Haiko mchezo. Mi njo nilimuzaa. Akidanganya, hatoki jasho."

"Mama Trésor, tunakuheshimu," akasema Deo, "lakini jasho haiko ushahidi."

Basi nikamgeukia yeye. Nilimuuliza, kwa heshima ya kaka mkubwa: "Yaya Deo, ile Jumapili ulihesabu majina?"

"Ninahesabu kila mwaka."

"Yalikuwa ngapi?"

"Kumi na mbili. Mompe hasome kumi na tatu."

"Ulisikia Kabulo Pascal?"

"Nilisikia."

"Prof Kabulo anakaa avenue ya tatu hapa, jana alitupa interro. Nani aliomba misa yake? Ana ndugu gani Mkatoliki? Kama yeye alipata mstari, mstari huo ulitoka kwa nani?"

Kicheko kikafa polepole, kama redio betri ikiisha. Kila mtu uani alikuwa kanisani, kila mtu alikuwa amesikia na kushangaa, na hakuna aliyekuwa ameuliza. Deo alikuwa anahesabu kwa vidole dhidi ya goti lake. Ni mtu wa hesabu, na hesabu ilikuwa inamkataa. Mwalimu Benoît akafungua daftari, akaweka kidole kwenye mstari mweupe.

"Bon," akasema Deo mwishowe. "Hakusahau."

Mama Anasta akakaa chini. Si kwenye kiti, chini, miguu imenyooka mbele kama mtoto. Akajigusa kichwa pande zote mbili kwa viganja, kana kwamba anahakikisha kimerudi.

Nilidhani tumemaliza. Mnunuzi alikuwa anatafuta geti. Lakini Deo hakuinuka.

"Niulize na mi sasa," akamwambia Mama Anasta, na sauti yake ya skrubu ikawa imetoka mahali pengine. "Juu ya nini ninahesabu kila mwaka? Unazania ni juu ya mabati?"

Mama Anasta akavuta kitenge juu ya magoti.

"Mama yangu Sofia alikuwa mutoto ya Kambo ao hakukuwa?"

"Alikuwa."

"Karatasi inasema 'batoto yangu benye kufa'. Alikufa, mi nilikuwa kumi na mbili. Tangu ile mwaka ninakuya, ninakaa nyuma, ninasikia: Kambo, muke wake, bandugu yako batatu. Ninangojea. Mompe anapita kwa majina ya bengine. Ku karatasi ya kugawa lupango mi ni mujukuu. Ku karatasi ya misa mama yangu haiko."

Sofia, mtajua, alizaliwa na Kambo kwa mwanamke mwingine, upande wa Kipushi. Hilo hata mimi nilielewa kwa jinsi akina mama walivyoinamisha vichwa.

"Mama njo alinipatia ile majina," Mama Anasta akasema, akiongea na magoti yake. "Siku anakufa. Akanishika mukono: majina ni hii, Anasta, hapana kuongeza. Mi nikaogopa kumukosea muntu mwenye kufa." Akainua macho. "Sofia alikuwa ananisuka nywele. Sikumusahau hata siku moja, Deo. Nilimuacha. Haiko sawa na kusahau, ni mubaya zaidi. Unisamehe."

Deo akapangusa uso kwa kitambaa, uso wote, muda mrefu, kama kuna joto.

"Mwezi wa Kambo unaisha na Jumapili ya kesho," Mwalimu Benoît akasema hewani, kama mtu anayetaja hali ya mvua. "Karatasi ilisema mwezi. Haikusema Jumapili gani."

"Kesho nitakuya kusikia," akasema Deo. Na huo ndio mkataba wote. Akina mama wakaanza kufungua mizigo.

Sasa njoo kwenye hesabu, Gloire, kwa sababu Prof Kabulo aliponisamehe baadaye alisema hesabu ndiyo ilinitafuta na itaendelea kunitafuta. Jioni ile niliketi na karatasi ya padri. Majina sita ya Mama Anasta, Sofia akiwemo, maana misa ya Kambo ilibidi isomwe upya, nzima. Msumarini kulikuwa na mengine saba yaliyokuwa yakingoja Jumapili hiyo. Sita na saba ni kumi na tatu. Nilikwenda kumwomba padri. Aliniangalia kama Jumapili iliyopita ilikuwa bado masikioni mwake, akanionyesha vidole kumi, kisha viwili.

Mama yangu alikuwa amesimama mlangoni pa ofisi. Moja ya yale saba lilikuwa la mama yake, Bibi Monika, aliyenilea mimi mpaka nikaanza shule, aliyekuwa ananifichia ngozi ya bukari, yaani ukoko wa ugali, chini ya sufuria. Mama alikuwa ameomba misa hiyo wiki tatu kabla.

"Tosha ya mama yangu," akasema. "Uiondoe."

"Mama, tutaongea na mwingine. Kuna ya—"

"Ya nani? Tafuta yenye haina mwenyewe."

Nikatafuta. Nilipitia msumari mzima, kijikaratasi kwa kijikaratasi. Hakukuwa na jina lisilo na mwenyewe. Nikachukua karatasi ya padri, nikaandika kumi na mbili kwa mwandiko mzuri kuliko wote niliowahi kuandika, na Bibi Monika peke yake nikamwacha msumarini.

Kesho yake padri akasoma. "Mwape Kalenga." Ndilo jina kamili la Kambo. Mama Anasta alikuwa benchi la mbele, kitenge kizuri, akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeitwa. Marta, mke wake. Wale ndugu watatu. "Sofia Mwape." Sikugeuka nyuma kumtazama Deo. Nilisikia tu kiti kikilia, kama mtu mnene amepiga magoti bila kutayarisha. Wakaja wengine sita. Nilijua kwamba Bibi hayumo, ni mimi niliyeandika. Hata hivyo kila padri alipovuta pumzi nilingojea. Akafika la kumi na mbili, akafunga karatasi. Mama alikuwa kwenye kwaya, mdomo wake unaimba, macho yake yananitazama mimi.

Jumatatu nilinakili kwenye daftari, nikarudisha jina la Kambo kwenye mstari mweupe, na pembeni nikaandika sababu na kusaini, bila mkia. Mwalimu Benoît akasoma, akaniambia sasa ninajua kazi, na kwa hiyo ninaweza kuiacha. Alisema mtihani wa shule unanihitaji zaidi. Nilikuwa na haja ya kubisha, lakini alikuwa ameshamwita Gloire.

Lakini Jumapili ile ile, baada ya misa, tulitembea mimi na mama kurudi nyumbani kwa miguu. Nilijaribu mzaha mmoja kuhusu padri, ukaanguka barabarani, tukauruka. Tulipofika kwenye geti letu alisimama, akanitengeneza kola ya shati, akasema:

"Siku mi nitakufa, karatasi ataandika dada yako. Weye utabeba viti. Na utalia kama bantu bote, bila kuongeza kintu."